Sange: Herufi mbili zilizomnyima mama bashi

Karatasi zilikuwa mbili, zimebandikwa kwenye ukuta wa darasa moja kando ya barabara ya taifa nambari 5, hapa Sange. Ya kwanza iliandikwa juu «Inscrits». Ya pili iliandikwa juu «En attente». Chini ya maneno hayo kulikuwa na majina mengi, yamebanana, na watu walikuwa wakisukumana ili kila mmoja aone lake.

Mama mmoja aliyekimbia vita kutoka milimani pamoja na watoto wake watano alibaki nyuma, chini ya mwembe. Kifaransa hakisomi. Alimtuma binti yake mkubwa, mwanafunzi wa darasa la nane, aende kuangalia. Binti alipenya katikati ya watu, akafuata majina kwa kidole, akaona jina la mama yake kwenye karatasi ya kwanza. Akarudi polepole, uso umeanguka.

“Mama, jina lako nimeliona. Lakini liko kwenye karatasi ya wale ambao hawakuandikwa.”

“Hawakuandikwa namna gani, na jina liko pale?”

“Ndivyo walivyoweka juu, mama. Inscrits. Écrit ni kilichoandikwa, na in- ni kusema hapana. Prof alitufundisha juma lililopita.”

Mama hakubisha. Katika nyumba ile, binti ndiye mwenye masomo. Walibeba bidoni zao, wakapitia bombani, wakarudi kwa familia iliyowapokea.

Siku ya kugawa vitu ilipofika, mama alikuwa katika shamba la mpunga la watu, akilima kwa kibarua, maji yakimfika kwenye magoti. Jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa milima pale jirani alipofika mbio na kumpigia kelele: “Mama, unalima nini? Wamekuita mara tatu!” Alikimbia na matope yake miguuni. Alikuta maharagwe, alikuta unga, alikuta mafuta ya kupikia. Bashi zilikuwa zimekwisha. Zile zilizobaki bila mwenyewe zilipewa watu wa karatasi ya pili, waliokuwa wakingoja.

Ulikuwa mwezi wa Novemba. Usiku ule mvua ilinyesha.

Binti hakumlaumu mtu. Kesho yake alibaki darasani wenzake walipotoka, akafungua kaye yake kwenye ukurasa wa somo lile, akaiweka mbele ya mwalimu. “Prof, in- ni hapana, si ndivyo?” Mwalimu akasema ndiyo. “Basi kwa nini mama yangu aliitwa?”

Alipomaliza kusikia habari yote, mwalimu alikaa kwenye dawati la wanafunzi. Somo lilikuwa lake. Siku ile alikuwa ameandika ubaoni safu moja ya viambishi vya Kilatini, vile vipande vidogo vinavyokaa mbele ya neno: re- ni tena, pré- ni kabla, dé- ni kuondoa, in- ni hapana. Watoto walinakili, wakakariri, kengele ikalia. Hakuwadanganya, ila aliwapa nusu ya kamba, na mtoto akashuka nayo kisimani.

Jambo hili si la darasa peke yake. Sange na miji yote ya bonde la Ruzizi, hadi Uvira na pwani ya ziwa, watu wanaongea Kifuliiru, Kivira, Kirundi, Kibembe na lugha nyingine, na Kiswahili kinawaunganisha sokoni, kanisani, msikitini na redioni. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Lakini lugha rasmi ni Kifaransa. Karatasi ya hospitali ni Kifaransa. Hati ya shamba ni Kifaransa. Hukumu, jetoni, kibandiko cha dawa na orodha ya msaada, vyote ni Kifaransa. Mtu anaweza kuishi miaka 60 bila kukihitaji hata siku moja, halafu vita au maji yakamtoa kwake, na kuanzia siku hiyo maisha yake yakawa yanapita katika makaratasi.

Na Kifaransa ni mtoto wa Kilatini, lugha ya Waroma wa zamani. Wazee waliopita seminari wanaijua habari hii vizuri, na mpaka leo kuna shule za Kongo zenye tawi la Kilatini na filozofia. Waroma walikuwa na tabia ya kuchukua neno fupi, kama kuandika, kubeba au kwenda, na kulitia kichwa kidogo mbele ili kupata neno jingine. Kifaransa kilirithi vichwa hivyo kwa mamia ya maneno. Ndiyo maana mwalimu anayevifundisha hapotezi muda. Mwanafunzi anayevijua vichwa 20 anaweza kukisia maana ya maneno mengi ambayo hajawahi kuyaona, na katika mtihani wa serikali anaweza kuchagua neno lenye maana sawa bila kubahatisha.

Shida ni kwamba baadhi ya vichwa hivyo ni pacha. In- ya Kifaransa ina asili mbili zinazofanana sura. Moja ni ya kukana: «inconnu» ni asiyejulikana, «inutile» ni kisichofaa, «incomplet» ni kisichokamilika. Ya pili ni ya ndani, au ya kuelekea juu ya kitu: «inscrire» ni kuandika ndani, yaani kumtia mtu katika kitabu au orodha. Kwa hiyo «inscrit» ni yule aliyeandikwa ndani. Neno lenye maana sawa naye ni «enregistré». Anayemkana ni «non inscrit». Mama yule alikuwa ndani tangu mwanzo.

Juma lililofuata mwalimu alifuta ubao, akaanza upya. Hakumtaja binti wala mama yake. Aliuliza swali moja tu: “Kama in- na dada yake im- ni hapana siku zote, basi «important» ni nini?” Darasa likanyamaza. Neno hilo wanalijua tangu darasa la pili. Linatokana na kubeba kuja ndani. Jambo lenye kubeba kitu lina uzito, ndipo likawa jambo muhimu. Mvulana mmoja wa nyuma akainua mkono: “Na «instruction», Prof? Si mafundisho?” Mwingine: “Na «informer»?” Kwa dakika chache watoto walijaza ubao wenyewe, upande mmoja wale wa hapana, upande mwingine wale wa ndani.

Kisha akawaonyesha jinsi kichwa hiki kinavyobadilisha nguo kufuata jirani yake. Mbele ya p, b na m kinakuwa im-, kama «impossible». Mbele ya l kinakuwa il-, kama «illégal». Mbele ya r kinakuwa ir-, kama «irrégulier». Hilo halikuwashangaza sana. Mtoto wa Kiswahili anasema mtu lakini mwanafunzi, anasema kitu lakini chakula, na hakuna aliyemwambia kwamba ki- na ch- ni ndugu. Anajua kwa sikio.

Ndipo akafika kwenye neno ambalo alikuwa amelipita mara nyingi katika miaka yake ya kufundisha, na kila mara alilipita haraka. Aliliandika kwa herufi kubwa, katikati ya ubao: INFLAMMABLE.

“Mkiliona neno hili nyuma ya gari, linasema nini?”

Wengi walijibu pamoja, kwa sauti ya uhakika: “Kitu kisichoshika moto!”

Mwalimu aligeuka akaangalia dirishani. Kutoka darasa lile barabara inaonekana, na magari ya mafuta yanapita pale kama yalivyopita miaka yote.

Hakuna mtu mzima wa Sange anayehitaji kuelezwa habari ya tarehe 2 Julai 2010. Watoto wa darasa la nane wanaisikia kwa wazazi tu, maana walikuwa hawajazaliwa. Nchi ilikuwa imetoka kusherehekea miaka 50 ya uhuru siku mbili nyuma. Ilikuwa pia siku ya Kombe la Dunia, na watu walikuwa wamejaa katika vyumba vya kutazamia mpira. Lori lililobeba mafuta lilipinduka katikati ya mji. Mafuta yakamwagika, yakafuata mitaro. Wengine walisogea ili kuona, wengine walikuja na vyombo kuchota, wengine hawakusogea popote, walikuwa wamekaa nyumbani kwao au mbele ya televisheni. Moto ulipowaka haukuchagua. Ulipita juu ya nyumba za udongo na nyasi na vyumba vile vya mpira. Watu zaidi ya 230 walikufa, wanawake na watoto wengi kati yao, na wakazikwa katika makaburi ya pamoja, kwa sababu wengi hawakuweza kutambulika.

Mwalimu alikuwa kijana wakati huo. Kaka yake mkubwa alikuwa anatazama mpira.

Aliwaambia wanafunzi wake wazi kwamba hakuna neno lililoua watu siku ile. Waliokufa wengi hawakuwa na nafasi ya kusoma lolote, na hata asiyesoma anajua kwamba esansi inawaka. Ila wengi hawakujua namna inavyowaka. Esansi haingoji moto uiguse yenyewe. Inatoa mvuke hata kwenye baridi kali kuliko ya milima yoyote ya Kivu, mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kama maji, unaingia mitaroni na chini ya milango, na unaweza kukutana na taa, sigara au jiko mbali na pale gari lilipoanguka. Mtu anayesimama hatua 50 akitazama anadhani yuko salama. Mvuke uko tayari miguuni pake.

Kisha akarudi kwenye neno. In- hapa si hapana. Ni ile ya ndani. «Flamme» ni ulimi wa moto. «Inflammable» ni kitu kinachoweza kuingia moto, kinachoshika moto upesi. Kisichoshika moto kinaitwa «ininflammable», kichwa juu ya kichwa: cha kwanza kinakana, cha pili kinaingiza. Watoto walicheka kwa kulitamka. Mwalimu hakuwakataza kucheka.

Kosa la darasa lile si la watoto wa Sange peke yao. Huko Marekani, tangu miaka ya 1920, watu wa kuzuia moto waliogopa jambo hilo hilo, kwamba mtu atasoma in- na kuielewa kama hapana. Wakaanza kuhimiza kukata kichwa na kuandika «flammable» tu kwenye magari na mapipa, na leo ndilo neno linaloonekana kwenye matangi mengi huko. Kifaransa hakikufanya hivyo. Kwa hiyo anayeishi kando ya barabara nambari 5 inabidi alijue neno jinsi lilivyo, au ajue alama zinazolisaidia: ile pembe nne nyekundu iliyosimama kwa ncha yenye mchoro wa moto, na kibao cha rangi ya machungwa chenye namba. Namba ya chini ikiwa 1203, ndani kuna esansi. Ikiwa 1202, ni mazuti. Alama hizo hazina kichwa cha kudanganya. Na gari la namna hiyo likianguka, hakuna kwenda kuangalia. Ni kuzima jiko, kubeba watoto na kuondoka, kuelekea upande ambako upepo unatoka.

Kutoka siku hiyo somo lilitoka nje ya darasa. Binti alimweleza mama yake, mama akawaeleza wenzake waliokaa pamoja kwenye uwanja wa wahamaji, na jioni moja mwalimu alijikuta ameketi kwenye bidoni iliyopinduliwa, amezungukwa na akina mama na wazee wenye makaratasi mikononi. Kila mmoja alikuwa na neno lake, limekunjwa mfukoni au limefungwa kwenye kitenge, na wengine walikuwa wamelibeba kwa miezi bila kumuuliza mtu.

Mzee mmoja alitaka kujua tofauti ya majina wanayoitwa. Leo «déplacé», kesho «réfugié», kesho kutwa «rapatrié». Je, ni jambo moja? Mwalimu alichora kwa kijiti mchangani. Ndani ya «déplacé» kuna mahali, na dé- inamtoa: aliyeondolewa mahali pake, lakini bado yuko ndani ya nchi yake. Ndani ya «réfugié» kuna neno la Kilatini la kukimbia. Kiswahili kimefanya vilevile: kutoka kukimbia tumepata mkimbizi. Siku hizi makaratasi yanalitumia kwa aliyevuka mpaka, kama Warundi waliopokelewa kambi ya Lusenda kule Fizi, au Wakongomani walioko Nyarugusu Tanzania na Nakivale Uganda. Ndani ya «rapatrié» kuna «patrie», nchi ya baba, na mwanzoni kuna re- ya kurudi: aliyerudishwa kwao. Maneno matatu, haki tatu tofauti. Anayekubali kuandikwa moja badala ya jingine anaweza kujikuta kwenye orodha isiyokuwa yake.

“Basi mimi nimekuwa yote matatu,” mzee alisema. “Mwaka wa 1996 nilivuka, nikarudi, na sasa niko hapa.” Watu waliguna. Hakuwa peke yake.

Mama mmoja kutoka Uvira, ambaye nyumba yake ilichukuliwa na maji ya mto Mulongwe usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, alikuwa na neno «inondation» kwenye cheti chake. Alikuwa amesikia somo la in- na akaogopa kwamba cheti kinasema hakukuwa na maji. Mwalimu akamtuliza. «Onde» ni wimbi, in- ni ya kuingia: mawimbi yameingia ndani. Mama akatikisa kichwa. “Hapo wamesema kweli,” akasema. “Yaliingia.”

Neno jingine lilikuwa gumu zaidi. Baba mmoja alikuwa na barua yenye «indemnité». Hapa in- ni ya kukana kweli, na kinachokanwa ni hasara, kwa Kilatini «damnum», ambayo pia imezaa neno «dommage». Kwa hiyo «indemnité» ni malipo ya kumrudisha mtu kana kwamba hakupata hasara. Baba alisikiliza hadi mwisho, akaikunja barua. Mashamba, ng’ombe, na mtoto mmoja. Alisema neno ni zuri, lakini hao Waroma walikuwa na imani kubwa.

Akina mama walicheka zaidi walipogundua kwamba wengine wao wanajua Kilatini siku nyingi. Ile CPN wanayoenda na mimba ni «consultation prénatale»: pré-, kabla, na kuzaliwa. Ile ya baada ni «postnatale». «Malnutrition» wanayoisikia kwenye kituo cha afya ni mal-, vibaya, na kulisha. «Bénéficiaire» lililo juu ya kila orodha ni béné-, vema, na kutenda: aliyetendewa wema. Na «infirmier», mtu anayeitwa kila siku, amebeba ndani yake «infirme», asiye imara. Infirmieri ni mtu wa kuwahudumia wasio na nguvu.

Kuna jambo ambalo mwalimu alilitumia sana jioni zile, na lilisaidia kuliko kanuni yoyote. Watu wa Kiswahili hawaji mikono mitupu kwenye kazi hii. Lugha yao yenyewe imejengwa kwa vipande. Kuna mtu, watu, utu, kijitu, na hakuna aliyefundishwa kwa safu ubaoni. Na ile dé- ya Kifaransa inayokaa mbele, Kiswahili kinayo, ila kimeiweka mkiani. Kunja, kunjua: «plier, déplier». Pakia, pakua: «charger, décharger». Ziba, zibua: «boucher, déboucher». Funika, funua: «couvrir, découvrir». Tega, tegua: na mtu anayetegua mabomu wanamwita «démineur». Wazungu wanavua kofia, Waswahili wanavua viatu, kazi ni ile ile. Mama asiyeingia shule hata siku moja alimtangulia mwalimu kusema «désarmement» ni nini, mara tu aliposikia kwamba «arme» ni silaha. Alisema: “Ni kumpakua bunduki.”

Lakini mwalimu, kwa kuwa aliungua mara moja, hakumruhusu mtu yeyote kuondoka na kanuni bila breki. Aliwapa mambo matatu. La kwanza, kata kichwa uone kama kinachobaki ni neno linalosimama. Ukikata in- kwenye «inutile», inabaki «utile», inasimama. Ukikata kwenye «inscrit», inabaki «scrit», haisimami yenyewe katika Kifaransa. Hapo jihadhari, huenda neno lilikuja zima kutoka Kilatini na in- yake ikawa ya ndani. La pili, rudisha neno kwenye karatasi na uangalie majirani. Orodha yenye majina mengi, saini na tarehe ya kugawa haiwezi kuwa orodha ya watu ambao hawakuandikwa. Nani angepoteza wino kuwaandika? La tatu, kama neno linashika tumbo lako, dawa yako au mtoto wako, usikisie. Uliza.

Na alionyesha kwamba hata breki hizo zinaweza kuteleza. «Inflammable» ukiikata in-, kinachobaki kinaonekana kama kinasimama. Kuna maneno ya Kigiriki yanayovaa sura hiyo hiyo, kama anti- na hyper-, ambayo si ya Kilatini hata kidogo. Kuna «périmé» kwenye dawa, ambalo mwanafunzi mwerevu angelifananisha na péri- ya «périmètre», yaani kuzunguka, kumbe linatoka kwenye neno la Kilatini la kuharibu. Dawa iliyoandikwa «périmé» imeisha muda wake, basi. Na kuna «prévenir», ambalo maana yake ya asili ni kuja kabla. Kufuatana na sentensi, linaweza kuwa kuonya au kuzuia. Katika barua moja aliyoletewa, jambo lilikuwa kuonya tu, na familia nzima ilikuwa imeelewa kwamba serikali itazuia.

Hapo ndipo habari ya maneno yenye maana sawa inapokuwa na uzito wake. Darasani, kutafuta neno sawa ni zoezi la alama mbili. Kwenye ukuta wenye orodha, ni njia ya kuhakikisha. Ukidhani «inscrit» ni «refusé», weka «refusé» mahali pake uone kama karatasi bado inaeleweka. Haieleweki. Weka «enregistré», inaeleweka. Mwalimu anaiita kujaribu ufunguo. Ufunguo unaofanana na wako si lazima ufungue mlango wako, lakini kuujaribu hakukupunguzii kitu.

Bashi ya mama haikurudi. Aliambiwa angoje mgawo mwingine, na jina lake likahamishwa kwenye karatasi ya «En attente», ambayo safari hii binti aliisoma bila kukosea. Familia iliyowapokea iliwapa mabati matatu ya zamani, na majirani walisaidia kufunika upande ambao mvua ilikuwa inapigia.

Orodha zilizofuata zilipobandikwa, binti alifika asubuhi na mapema kabla ya umati. Alisimama kando ya ukuta, mgongo kwenye tofali, na kila aliyekuja alimwambia jina lake. Alikuwa analitafuta kwa kidole, analisoma, kisha anasoma neno la juu na kulieleza kwa Kiswahili: wewe umeandikwa, wewe unangoja, wewe karatasi yako haijakamilika, rudi na cheti cha mtoto. Mtu mmoja mzima alimuuliza kama ana uhakika. Binti hakukasirika.

“Nina uhakika, baba,” alisema. “Hili nililipa.”